Siku Nilipochelewa Kushusha Kitenge

Daftari hili ninaliandika kwa Kiswahili kwa sababu shuleni hakuna anayeweza kulisoma. Wenzangu wa darasa la kumi na moja wanasema Kibemba, walimu wanafundisha kwa Kiingereza, na Kiswahili kwao ni lugha ya bandarini Kashikishi, ya kumwambia Mukongo "ongeza kidogo" wakati anapanga samaki. Kwangu ni lugha ya mama. Yeye alizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, akavuka ziwa kumfuata papa, baba yangu, na Biblia moja mkononi. Kwa mdomo ninasema kama mama, kwa kalamu ninaandika kama Biblia yake. Vikichanganyika, vichanganyike.

Mimi si mutu wa kusema. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, lakini linafika mdomoni wakati yeye ameshahamia kwa mwingine. Mama anasema nilizaliwa nikiwa nimeshaomba samahani. Nimeliandika hili mbele ya yote kwa sababu yaliyotokea mwezi wa kwanza yalihitaji mutu wa kupiga kelele, na aliyekuwa kule juu ni mimi.

Kule juu ni juu ya kichuguu. Nyuma ya nyumba yetu hapa Nchelenge, upande wa Zambia, kuna kichuguu kilichoshinda paa kwa urefu, mchwa wake walishahama zamani. Papa alikichonga ngazi kwa jembe, na kileleni akachimba shimo la kuchomekea mwanzi. Ukikaa pale unaona ziwa lote la upande wetu, mchanga, matete yanapoanzia, na barabara inayotoka Kashikishi.

Kila mwaka, kutoka mwezi wa kumi na mbili mpaka mwisho wa mwezi wa pili, ziwa linafungwa ili samaki wazae. Inatangazwa kanisani, inabandikwa sokoni, kila mutu anajua. Kila mutu pia anakula. Kwa hiyo wako wanaume wanaotoka, mashua mbili, siku nyingine tatu, wasiende mbali na matete. Wanatoka mchana, saa za jua kali, kwa sababu doria inatembea usiku na mchana inalala. Na kila familia yenye mutu kwenye maji inaweka mutu wa kuangalia. Kwetu ni mimi. Kazi isiyohitaji mdomo, papa alisema, na wote wakacheka, hata mimi.

Alama yetu ni kitenge cha mama, kile chekundu chenye maua meusi. Kitenge kikiwa juu ya mwanzi, maana yake: jificheni, zimeni motere, msitoke. Kitenge kikishuka: tokeni, njia ni nyeupe. Hakukuwa na alama nyingine. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja tungehitaji nyingine.

Papa hakuwa na nafasi ya kukosea. Mwaka uliopita nyavu zake zilichomwa pale mchangani mbele ya watu, na aliambiwa kwamba safari nyingine hawatachoma nyavu, watamchukua yeye mwenyewe. Tena kulikuwa na ile habari ya ndege. Watu walisema doria sasa ina ndege ndogo inayopita chini na kupiga picha za mashua, sura ya mutu inaonekana mpaka meno. Sijawahi kukutana na aliyeiona kwa macho. Kila mmoja alisikia kwa shemeji yake. Lakini tuliamini wote.

Ile siku ilikuwa Alhamisi, shule bado hazijafunguliwa. Nilikaa juu ya kichuguu na kitabu changu cha biolojia na kikombe cha kinywaji cha munkoyo. Chini yangu jirani yetu, mama mmoja muuza samaki ambaye mdomo wake haujui Jumapili, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Weye mulinzi," akaniita. "Utaolewa na hicho kichuguu?"

Nikamtazama.

"Muangalieni! Anajibu na macho. Bwana yako atafikiri alioa picha."

Nilikuwa bado ninatafuta la kumjibu niliposikia mlio. Ulitoka upande wa visiwani. Ndege ndogo tunaijua, ile inayopeleka dawa kwenye zahanati za visiwa, lakini yenyewe inapita juu, imenyooka, inakwenda zake. Hii ilikuwa chini. Niliweza kuona magurudumu.

Jirani akasimama, maharage yakamwagika. "Ndeke ya doria! Pandisha! Pandisha kitenge, mutoto!"

Nikachomeka mwanzi na kitenge kikafunguka kwa upepo. Kule majini nikaona mashua ya papa ikigeuka. Alikuwa na rafiki yake, ambaye ninamwita tonto, yaani baba mdogo. Mashua ya pili ilikuwa ya ndugu wawili wa mtaa wetu. Zote zikakata kuelekea matete, na kabla sijameza mate ziwa lilikuwa tupu kama sahani iliyooshwa. Nilijivuna. Nisipoandika hilo nitakuwa mwongo: nilijivuna sana.

Kisha ndege ikakohoa.

Sauti ile niliijua. Motere ya papa inafanya vilevile maji yakiingia kwenye mafuta: inakohoa mara mbili, inashika, unashukuru Mungu, inakohoa tena. Ndege ikashika, nikasikia ikivuma, halafu ikakohoa tena, halafu basi. Ikanyamaza. Sikujua kwamba ndege iliyozimika ina sauti. Inayo. Ni kama mutu anachana kitambaa kirefu polepole.

Ikageuka kuelekea mchanga. Nilidhani itatua pale, kuna sehemu ndefu iliyonyooka, ambapo miezi mingine wanawake wanaanika kisense, dagaa wetu. Lakini mwezi ule hakuna wa kuanika, na uwanja walikuwa wameuchukua watoto, wanacheza mpira wa mifuko ya plastiki. Waliposikia kimya juu yao wakainua vichwa. Watoto wetu wakiona ndege wanafanya jambo moja tu. Wakasimama palepale, katikati, wakaanza kuipungia mikono na kuimba, "Ndeke! Ndeke!"

Bawa moja likainuka. Ndege ikageuza pua, ikaacha mchanga, ikaelekea maji.

Iligusa mara moja kama jiwe la kurusha, ikaruka kidogo, mara ya pili magurudumu yakashikwa na maji na mkia ukapanda juu. Niliona maji meupe kwanza. Mshindo ulinifikia baadaye, wakati yameshaanza kuanguka. Yalipotulia, mkia ulikuwa umelala upande na bawa moja liko juu ya maji. Juu ya bawa kukatokea mutu. Akainama, akavuta, akatokea wa pili. Wa pili alikuwa na nguo ya rangi ya machungwa na hakuweza kukaa peke yake. Wa kwanza alimshika chini ya mikono.

Watu wawili. Wako hai. Na matete alimojificha papa yalikuwa karibu nao kuliko mchanga wetu, karibu sana, mutu mwenye motere angefika kabla chungu hakijachemka.

Nikashika mwanzi kwa mikono miwili nikautikisa. Niliutikisa kwa nguvu zangu zote, kushoto na kulia, mpaka udongo wa kichuguu ukapasuka chini ya miguu. Kichwani nilikuwa ninaita: njooni! Papa, kuyeni! Mdomoni hakikutoka kitu. Hata kingetoka, kisingefika. Nilitikisa tu. Na yeye kule ndani, alivyoniambia baadaye, alikuwa haoni ziwa, matete yalimziba, aliona kilele cha kichuguu peke yake na kitenge kinachocheza kama kimepandwa na shetani. Walisikia mshindo wakafikiri ni bunduki. Tonto akasema, "Leo ni leo." Wakaivuta mashua ndani zaidi.

Chini mchangani watu walikuwa wanakimbia bila mahali pa kukimbilia. Mashua kubwa zilikuwa pale, nne, zimevutwa nchi kavu, na miezi ya kufungwa motere na makasia ya mashua hizo yanafungiwa kwenye nyumba ya kamati ya wavuvi. Ufunguo anao mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa kwenye mazishi huko Puta. Vijana wawili walivua mashati wakaogelea, wakafika mahali maji yanapobadilika rangi, wakarudi wanatapika. Mama alikuwa amesimama maji yakimfika magotini na simu ya papa mkononi, kwa sababu papa anaiacha nyumbani isije ikalia kwenye matete. Jirani yetu alikuwa anapigia simu zahanati na sauti yake niliisikia mpaka kule juu.

"Allo! Ndeke imeanguka! Mu maji! ... Hapana, minasema mu maji! ... Jina yangu ya nini? Mimi sikuanguka! Batu bawili njo beko mu maji, muwaandike bao!"

Ndipo nikaelewa. Sikuambiwa na mutu. Niliangalia mikono yangu na kile ilichoshika, nikaelewa kwamba kila ninavyotikisa ninawafukuza. Nilichotakiwa kufanya ni kung'oa mwanzi na kuulaza chini. Basi. Kazi isiyohitaji mdomo.

Nikashika mwanzi kwenye shina ili niung'oe. Na nikatazama barabara.

Gari lilikuwa linakuja kutoka upande wa Kashikishi. Kijani, kubwa, turubai nyuma. Doria wanakuja na gari la kijani.

Nitaandika hapa kama ilivyokuwa, kwa sababu hakuna mahali pengine nitakapoandika. Nilijua kwamba kule kwenye bawa kuna watu wawili. Nilijua kwamba kitenge kikishuka papa atatoka, na kwamba akitoka atatokea mbele ya gari lile na samaki kwenye mashua. Niliyajua yote mawili kwa wakati mmoja, na mikono yangu ikabaki kwenye mwanzi. Sikutikisa tena. Sikuung'oa. Nilianza kusali Baba Yetu. Niliimaliza. Gari lilikuwa bado linakuja. Nikaianza tena, nikaimaliza. Kule majini yule wa kwanza alikuwa ameteleza kutoka kwenye bawa, sasa yeye yuko majini na anamsukuma wa pili abaki juu. Bawa lilikuwa limeshuka. Nikaanza ya tatu.

Gari likafika kwenye kona na nikasikia linaimba. Lilikuwa lori la kwaya, akina mama waliovaa sare nyeupe wanatoka kwenye yale mazishi ya Puta.

Niling'oa mwanzi na kuutupa, ukabingirika mpaka kwenye maharage ya jirani. Motere ya papa iliwaka mara moja. Siku nyingine inavutwa mara sita, ile siku iliwaka mara moja. Pua ya mashua ilitoka kwenye matete na niliona papa akisimama wima, mkono kwenye paji la uso, halafu mashua ikaruka. Watoto mchangani wakapiga kelele. Mimi nilitazama mashua, ilikuwa inakwenda vizuri, iko katikati, nikasema moyoni wamefika, wamefika. Nikarudisha macho kwenye bawa. Mwenye nguo ya machungwa alikuwa pale, amelala kifudifudi. Yule mwingine hakuwepo.

Sikuona alivyokwenda. Nimejaribu mara nyingi kuiona, hakuna kitu. Kuna maji tu, yamelala.

Papa alizama mara tano, tonto akamshika nguo mara ya sita. Walirudi na mwanamke mmoja, muuguzi wa zahanati za visiwani, Muzambia, mguu umevunjika chini ya goti. Ndege ilikuwa ile ya dawa, si ya doria. Walimlaza ndani ya mashua juu ya samaki, hapakuwa na nafasi nyingine. Samaki wale, mapale, walikuwa bado wanapigapiga mikia chini ya mgongo wake. Akina mama wa kwaya ndio waliompokea, na kwenye lori lile la kijani ndimo alimopelekwa hospitali.

Polisi mmoja alifika baada yao, kwa miguu, anahema. Alimtazama papa aliyelowa, kisha akatazama ndani ya mashua.

"Mlikuwa wapi, ba tata?" akauliza kwa heshima.

"Tulikuwa tunapita," papa akasema.

Polisi akatugeuzia mgongo. Akasema akitazama ziwa, "Mukubwa wangu yuko njiani. Akifika asikute harufu." Basi jirani na mama na mimi tukabeba samaki kwa ndoo, tunakimbia nao nyumbani kama wezi, na mimi ndoo yangu ilikuwa na damu ambayo haikuwa ya samaki.

Rubani, muzungu mmoja mwenye mvi, alipatikana siku ya pili. Mashua zilizomtafuta ni zilezile mbili, safari hii kwa ruhusa, mchana kweupe. Papa aliporudi alikaa nje na miguu yake ndani ya beseni, hakula. Mama akamwambia pole. Akasema, "Wakati tulitoka mu matete nilimuona. Kichwa yake ilikuwa inje. Nilimuona na macho yangu." Akaninyooshea kikombe nimwekee maji. "Dakika kidogo tu. Tungekuwa na dakika kidogo."

Nikaweka maji. Yakamwagika kidogo kwenye mkono wake.

Hakuniuliza. Hilo ndilo ninalobeba. Angeniuliza, labda jibu lingefika mdomoni, hata kwa kuchelewa. Alisema tu kwamba aliona kitenge kikitikiswa akajua hatari ni kubwa, na kwamba nilifanya kazi yangu. Jumamosi alikata mfuko mweupe wa unga, mama akaushona ukingo, na papa akauweka juu ya meza mbele yangu. "Hii ni ya kuita," akasema. Sasa tuna alama tatu.

Baada ya wiki mbili muuguzi alituma watu. Alitaka kuona familia iliyomtoa majini. Papa alikataa, alisema hospitali kuna masikio mengi. Tukaenda mama na mimi, na machungwa sita. Mama alivaa vizuri kama mutu anayekwenda kanisani, na kitenge chake kizuri ni kimoja tu. Tulipofika mlangoni ndipo nikaona amefunga kile chekundu kiunoni.

Muuguzi alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, labda miaka kumi tu mbele yangu. Mguu umening'inizwa. Alisema Kibemba na sauti yake ilikuwa ndogo. Alitushukuru, akamshukuru papa, kisha akatazama kiuno cha mama. Akanyoosha mkono akashika pindo.

"Ni hiki?" akauliza. "Kilikuwa juu ya kilima kidogo?"

Mama akasema ndiyo, alikuwa mutoto wangu huyu.

Akanigeukia. Macho yakamjaa. Alisema: "Tulikuona. Tulipotoka ndani ya ndege, kitu cha kwanza tulichokiona ni wewe. Yeye akaniambia, angalia kule, mutu ametuona, anaita watu. Shikilia, wanakuja. Kila nilipotaka kulala alinigeuza nitazame kule. Mpaka mwisho alikuwa anatazama kule."

Mkono wa mama ulikuwa juu ya mkono wangu, sikumbuki ulifika saa ngapi. Vidole vyake vilinibana.

"Natotela," muuguzi akasema, asante ya Kibemba. "Natotela sana, mwana."

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa refu, lilianza na gari la kijani. Nililisikia likipanda kuelekea mdomoni, na vidole vya mama vikabana tena, na mimi nikapiga magoti kidogo kama tulivyofundishwa mbele ya wakubwa, nikasema, "Eya, mukwai," ile ndiyo ya heshima. Halafu nikamenya chungwa moja nikampa.

Kurudi tulitembea kando ya ziwa. Mama alikuwa mbele, kitenge kinapigwa na upepo, na hakugeuka mpaka tulipokaribia nyumbani, pale unapoanza kukiona kichuguu juu ya paa. Ndipo akasimama.

"Ulifanya muzuri kunyamaza," akasema.

Miaka yote mama amenilaumu kwa kimya changu. Ile ndiyo mara ya kwanza kunisifu. Nilimtazama nijue anasema kimya kipi, cha hospitalini au kile cha juu, cha sala mbili na nusu, kwa sababu kutoka pale alipokuwa amesimama majini na simu ya papa, mutu akigeuka anakiona kichuguu chote, na mutoto wake ameshika mwanzi usiotikisika.

Lakini alikuwa ameshaanza kutembea. Ziwa lilikuwa bado limefungwa. Papa alikuwa ananingoja na mifuko yake miwili ya nyavu, nipande kichuguuni.